Ndoo ya Msikiti na Pua ya Fundi Mbaruku

Kila anayekuja kwangu kutaka kujifunza kazi ya ngozi huanza na swali lile lile: Mzee Shomari, nitafute chombo gani kwanza? Mwingine huja na kisu kiunoni, kipya, anataka nikisifu. Mimi humwambia chombo cha kwanza anacho tayari, kipo katikati ya uso wake, na kikimharibikia hakuna mhunzi wa kumfulia kingine. Hucheka, akidhani namfanyia mzaha.

Si mzaha. Nimekwisha kuwa mtu mzima sana, na kuna jambo la ndoo ya msikiti ambalo wazee wote wa Bagamoyo wanalijua. Nyinyi mmelisikia vipande vipande, mara kwa kicheko, mara kwa masengenyo. Mkiniona nainamisha uso likitajwa, ni haya. Nilikuwapo, na pua yangu siku hizo ilikuwa nzima. Basi nitalieleza lilivyokuwa, na humo humo nitawafundisha kazi, maana mimi siwezi kuitaja ngozi nikaacha kufundisha. Mnivumilie.

Ninayosema ni ya miaka ile ya mwisho kabla Wadachi hawajatia bendera yao hapa. Mji ulijaa wapagazi walioteremka na pembe kutoka bara, wakingoja kupanda tena na nguo na shanga, na kila mmoja wao alikuwa na kitu cha ngozi kilichokatika. Vigwe vya punda, mikanda, mikoba, makubadhi yaliyolika visigino. Askari wa Kibulushi walileta ala za majambia yao wakakaa kizingitini kutusimamia, kama kwamba tungezila. Kazi ilikuwa tele. Heshima ndiyo haikuwa tele, kwa sababu ngozi inanuka, na anayeshinda nayo ananuka. Tulikaa mwisho kabisa wa mji, upande wa mikoko, ili harufu yetu iende kwa kaa na isiende kwenye baraza za watu.

Aliyenifundisha ni Fundi Mbaruku. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa maneno, mikono yake myekundu hadi viwikoni kwa maji ya magome. Nilianza kwake sijaota ndevu. Wakati wa jambo hili nilikuwa na mke na mtoto, na nusu ya kazi ya pale ilikuwa mikononi mwangu. Nasema hivyo msije mkanionea huruma mkadhani nilikuwa kijana wa kutumwa. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili yake.

Ngoja niseme kwanza juu ya magome. Ngozi mbichi ni nyama tu, itaoza kama nyama. Kinachoifanya iwe ngozi ya kazi ni magome ya mkandaa, yule mti wa mikokoni. Uyabandue mti ungali na maji yake, uyaanike kivulini, uyatwange, uyaloweke. Sisi tulikuwa na mitumbwi mikuukuu iliyokatwa na kufukiwa ardhini hadi mdomoni, na ndimo tulimoloweka. Kabla ya hapo ngozi hukaa katika maji ya chokaa hadi nywele zilegee, kisha unailaza juu ya gogo na kuikwangua kwa kisu butu. Butu, nimesema. Kisu kikali hapo ni adui. Baada ya chokaa unaitia katika maji yenye mavi ya kuku ili ilainike, na hapo ndipo vijana wengi walipokumbuka kwamba mama zao ni wagonjwa, wakaenda kuwauguza wasirudi.

Lakini siri ya magome ni hii. Ngozi mpya huanzia katika maji ya zamani, yaliyochoka, kisha unaipandisha katika makali kidogo kidogo. Ukiitia siku ya kwanza katika maji makali, itaiva nje, ijifunge, na ndani ibaki mbichi. Na ukiiacha katika maji yaliyochoka hadi mwisho, itapata rangi tu. Zote mbili zitakudanganya machoni. Nje ni nyekundu, nzuri, ukiipiga inalia. Fundi Mbaruku alikuwa akisema ngozi ni kama mkwe, humjui kwa mavazi yake.

Njia moja ya kuijua ni kukata kipande pale penye unene, shingoni, ukatazama mkato. Ukiona mstari mweupe katikati, bado. Njia ya pili ni kuilowesha majini na kuiacha. Ikiwa haikuiva, uvundo utarudi. Njia ya tatu ni pua, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya Fundi Mbaruku. Hakukata kamwe. Alisema kukata ngozi ya mtu ili kuijaribu ni sawa na kumega mkate kabla ya kuupeleka kwa mwenyewe. Aliinamia mtumbwi, akavuta pumzi, akafumba macho, akasema, "Siku ya soko." Siku ya soko tukiitoa, imeiva. Wenye kununua ngozi walimwita aje awanusie zao, na yeye alikwenda akinyoosha kanzu, na mimi nyuma yake nikijiona ni mtu.

Kabla sijafika kwenye ndoo nitawapa aibu yangu ndogo, mjipashe moto. Kulikuwa na Banyani mmoja muuza nguo, jirani mwema, aliyeagiza makubadhi. Alisema wazi, ngozi ya mbuzi. Mimi nikaona soli ya mbuzi ni nyembamba, itaisha upesi, na mteja ni mtu mzuri. Kwa wema wangu nikamtilia soli ya ng'ombe chini. Nilipompelekea akavaa, akatembea dukani mwake, akafurahi.

"Mbuzi gani huyu mwenye ngozi nene hivi?" akaniuliza.

"Chini ni ng'ombe, bwana," nikasema kwa majivuno. "Viatu hivi vitakuzika."

Alivivua pale pale. Hakunitukana, na heri angenitukana. Aliita maji akaosha miguu, akaosha na mahali niliposimama. Nilirudi nikiwa nimebeba yale makubadhi kwenye pindo la shuka, nikamweleza fundi. Akaacha kazi yake, akaenda kukaa kwenye ngazi ya duka la yule Banyani, chini kabisa, akangoja hadi aliposemeshwa. Aliporudi aliniambia neno moja tu. "Shomari, kabla hujauliza urefu wa mguu wa mtu, uliza haramu yake ni nini." Shikeni hilo. Vipimo vinarekebishika.

Sasa nieleze desturi yake moja, maana ndiyo iliyonifungua macho. Fundi Mbaruku hakuingia msikitini na harufu ya kazi. Siku ya Ijumaa aliacha kazi mapema, akajisugua kwa ndimu na mchanga, akaoga, akajinusa, akaoga tena. Mkewe, Bi Mwanaidi, alimfukizia kanzu udi. Na bado alikaa safu ya nyuma, karibu na mlango, ili kama kuna mabaki yasimuudhi mtu. Watu walimheshimu kwa hilo zaidi ya walivyomheshimu kwa makubadhi yao.

Mwaka ule aliugua homa kali. Alipopona akarudi kazini amekonda, na kidogo kidogo nikaanza kuona mambo. Alikaa karibu na debe la mafuta ya papa yaliyochacha, mimi macho yananitoka machozi, yeye hana habari. Bi Mwanaidi aliunguza uji akauleta huku akiomba radhi, naye akaunywa wote akasema mzuri. Na siku ya Ijumaa akijimwagia maji mara moja, akajinusa, akatosheka. Akawa haendi tena safu ya nyuma. Alikaa mbele, karibu na Mwalimu Omari, imamu wetu, na nadhani alifurahi, masikini, kuona kwamba mwisho wa uzee wake amepata kuwa mtu asiyenuka. Waliokaa kando yake wakajisogeza. Safu ikawa na pengo, na yeye akilijaza kwa kusogea, nao wakisogea tena.

Nililiona lile pengo Ijumaa hadi Ijumaa. Niliona haya hata nikawa nachelewa makusudi nisikae naye. Lakini kumwambia? Mwalimu wako umwambie kwamba ananuka, na kwamba pua yake, iliyompa jina na heshima, imekufa? Sisi tulilelewa kwamba mkubwa husitiriwa. Nikamsitiri kwa kunyamaza.

Ndipo ikaja kazi ya ndoo. Msikiti wetu ulikuwa na kisima uani, na maji yalitek­wa kwa ndoo ya ngozi, yakamiminwa birikani, watu wakatawadha. Ndoo ile ilikuwa imechakaa, ikivuja kila pembe. Mwalimu Omari akamwomba Fundi Mbaruku atoe mpya, naye akakubali kuwa ni sadaka yake.

Ngozi iliyokuwa tayari ililetwa na Mkwere mmoja wa Mkange. Mtu mwaminifu, alisema mwenyewe kwamba ng'ombe yule hakuchinjwa, alimkuta amekufa malishoni. Nyamafu, basi. Hilo si tatizo, na msikilize vizuri, maana mmoja wenu juzi alinibishia. Ngozi ya nyamafu ni najisi, lakini ikiivishwa sawasawa kwa kitu kikali kama magome, hutoharika, na unaweza kutilia maji ya udhu. Jua halitoshi, wala chumvi. Ni lazima iive ndani nje, hata ikilowa uvundo usirudi. Fundi Mbaruku alimwambia Mwalimu habari zote siku ya kwanza, hakuficha. Mwalimu akasema, "Ikiwa imepita mikononi mwako, Fundi, mimi sina shaka."

Magome tuliyokuwa nayo yalikuwa ya mwaka wa nyuma, yamepigwa na mvua ghalani. Maji yake yalikuwa mekundu lakini yamekufa. Maji ya magome yenye nguvu yana harufu kali inayokamata koo. Haya yalinuka matope tu. Mtu mwenye pua angeyamwaga. Fundi Mbaruku akayainamia, akavuta pumzi, akafumba macho kama desturi yake. Kisha akanigeukia.

"Waonaje, Shomari?"

Hakuwa ameniuliza hivyo tangu nilipoanza kazi, lakini tangu ile homa alikuwa akiniuliza kila mara. Mafuta haya waonaje. Ngozi hii waonaje. Nikadhani ananijaribu, kama walimu wanavyojaribu wanafunzi wao wasije wakavimba kichwa. Na jibu la adabu ni moja tu.

"Wewe ndiye fundi," nikasema.

Akangoja kidogo, kama mtu aliyetarajia neno jingine. Kisha akaitia ngozi ndani.

Siku ya kuitoa aliniuliza tena. Nilikuwa nimesimama juu ya ngozi ile na pua yangu yote inaniambia kwamba ndani kuna nyama. Nikasema, "Fundi, labda ingekaa kidogo." Akageuka upesi, akanitazama, uso wake ukafunguka. "Kwa nini? Umeona nini?" Na mimi, kwa kuwa ameniuliza kwa nini, na jibu la kwa nini lilikuwa hilo moja nisiloweza kulitamka, nikarudi nyuma. Nikasema, "Hapana, nimesema tu. Wewe ndiye ujuaye."

Akaikata. Aliikata ingali imelowa, maji mekundu yakaupaka mkato usionyeshe kitu. Niwaambie alivyoikata, maana kwa kukata hakuwa na mwenziwe hata katika uzee. Ndoo hutolewa mgongoni, si tumboni, kwa sababu ngozi ya tumbo hunyooka ikibeba uzito ikageuka kuwa soksi. Kamba za kubebea hukatwa kufuata uti wa mgongo. Ukizikata kwa upana zitavutika. Mdomo wa ndoo unakunjwa juu ya pete ya mti, na hapo unashona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, unatoboa kwa msharasi, kisha unapitisha uzi kutoka pande zote mbili katika tundu moja. Ukikatika mmoja, wa pili unabaki. Usivute kwa hasira. Vuta hadi uzi ulale, basi.

Mimi ndiye niliyeishona. Kila nilipotoboa, tundu lilinipulizia uvundo mdogo. Nikashona hadi mwisho, vizuri kabisa. Nikaipaka mafuta ya ufuta, ikang'aa. Tuliipeleka pamoja, Fundi Mbaruku akiishika kwa mikono miwili, na watu wakatoka barazani kuisifu.

Mambo yalikwenda siku chache. Kisha maji ya birika yakaanza kunuka. Watu wakasema kuna paka kafia kisimani. Wakamteremsha mtu kwa kamba, akazunguka humo chini na kinara, akapandishwa na makombe mawili na kiatu cha mtoto. Paka hakuwamo. Wakasema ni majani, wakayaondoa majani. Wakasema ni jirani. Mwisho, siku moja kabla ya sala ya alasiri, Mwalimu Omari mwenyewe alijiteka maji, akaileta ndoo karibu na uso, akasimama.

Tulikuwa wote uani. Fundi Mbaruku alikuwa amekaa kwenye ukingo wa birika, mguu mmoja umekwisha kutawadhwa. Mwalimu akamwendea kwa upole, na ndoo mkononi.

"Fundi, ngozi hii ni ile ya nyamafu?"

"Ndiyo hiyo, Mwalimu. Nilikwambia."

"Uliniambia, na Mungu ni shahidi. Nauliza jingine. Iliiva?"

Fundi Mbaruku aliitazama ndoo. Sasa nikikumbuka naona alikuwa akiitazama kama mtu anayesomewa barua kwa lugha asiyoijua. "Iliiva," akasema.

Mwalimu Omari hakuridhika, akazungusha macho, akanipata. "Na wewe, Shomari, uliyeishona. Iliiva?"

Jibu langu la siku zote lilikuja ulimini lenyewe. Yeye ndiye fundi. Lakini safari hii hapakuwa na mahali pa kulitia. Nyuma yangu walikuwapo watu waliokwisha kusali siku kadhaa kwa udhu wa maji yale, na wengine miguu yao ilikuwa bado inachuruzika. Nikatazama chini.

"Haikuiva, Mwalimu."

"Ulijua lini?"

"Kabla sijaishona."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi tumesali na mzoga," na wengine wakacheka kile kicheko cha watu wenye hasira. Mwingine akasema lile lililokuwa katika vinywa vya wengi: "Hivi hata hilo unahitaji kuuliza? Mwenyewe hunusi?" Alikuwa akimwambia Fundi Mbaruku.

Mzee akasimama. Akachomoa kisu kiunoni, akaichukua ndoo kwa Mwalimu, na yeye asiyewahi kukata ngozi kwa kuijaribu akaikata mdomoni, pale penye unene, mbele yetu. Akatazama mkato. Hata mimi niliyekuwa mbali niliuona mstari mweupe. Kisha akakipeleka kile kipande puani, akavuta pumzi ndefu kama alivyokuwa akivuta zamani. Akavuta tena. Akakinyoosha kwa Mwalimu.

"Ninusie, Mwalimu," akasema. "Mimi tangu homa ile sisikii harufu yoyote. Hata udi wa nyumbani kwangu siusikii."

Hakuna aliyecheka. Yeye akawageukia wale waliokuwa wakikaa safu ya mbele, akawatazama mmoja mmoja. Nadhani saa ile ndipo alipolifahamu lile pengo. "Na nyinyi mliokuwa mkinikwepa," akasema, "nisameheni. Sikujijua."

Nimeona vita baada ya hapo, nimeona nyumba zikiungua, na nimezika wanangu wawili. Lakini nikitaja aibu nataja siku hiyo. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Si kwa kuwa nilisema kweli mbele ya watu, kwani hiyo ilikuwa lazima. Ni kwa kuwa kweli ile nilikuwa nayo tangu muda mrefu pale kwetu mikokoni, mahali pa faragha penye watu wawili na kuku, na bei yake pale ilikuwa ndogo. Nikaiweka hadi ikaja kulipwa na mzee wangu uani mwa msikiti, mguu mmoja mkavu na mmoja umelowa.

Mwalimu Omari alitoa hukumu bila kelele. Birika likamwagwa na kusuguliwa, ndoo ikazikwa, na kila mtu akalipa sala zake tangu siku ile ndoo ilipoteremka kisimani. Watu walizilipa. Nilisikia wakihesabiana njiani, na nikapita njia nyingine.

Kesho yake nilikwenda kazini nikiwa nimejitayarisha kufukuzwa. Nilimkuta amekwisha kuyamwaga maji yale yaliyokufa, anakwangua mtumbwi. Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikasimama. Nikasema nisamehe. Akaendelea kukwangua, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nilikuuliza, Shomari. Kila siku nilikuuliza, waonaje."

"Nilidhani wanijaribu."

Hapo akainua kichwa. "Mtu wa umri wangu, nikujaribu ili iwe nini? Nilikuwa sijui. Nilikuuliza kwa sababu nilikuwa sijui, na hilo ndilo nililoweza kulitamka. Nikasema, Shomari ni mwerevu, ataelewa."

Nikachuchumaa, nikakwangua naye. Heshima yangu, niliyokuwa nikijisifia moyoni, ilikuwa imemfungia mlango mtu aliyekuwa akibisha hodi. Yeye alishindwa kusema kwa haya, nami nilishindwa kusema kwa haya, na ngozi katikati yetu ikawa inaoza. Wahenga wana neno, mficha uchi hazai. Sisi tulifichiana.

Alifanya kazi miaka michache baada ya hapo, mimi nikiwa pua yake na yeye akiwa mikono. Tulitengeneza ndoo nyingine, nzuri, iliyodumu kuliko yeye. Alioga siku ya Ijumaa kisha akaja kusimama mbele yangu, mikono imenyooshwa, akasema, "Haya, niambie." Nikamwambia. Mara nyingine nilimrudisha aoge tena, akaenda akinung'unika. Lakini safu ya mbele hakuirudia. Mwalimu Omari alimwita zaidi ya mara moja, akakataa kwa tabasamu, akabaki karibu na mlango mpaka siku yake. Kicheko cha watu kilikwisha mapema. Haya yake haikwisha, na yangu mnaiona hii.

Sasa, wajukuu zangu, tufike kwenu. Ndoo mpya ya msikiti imetundikwa msumarini hapo mlangoni, inangoja kupelekwa Ijumaa. Ngozi yake nimeiivisha mwenyewe, na shingo yake sikuikata kuitazama, kwa kiburi kile kile nilichorithi. Magome ni ya msimu uliopita. Wakati ilipokuwa majini niliwaita mmoja mmoja nikawauliza, mnaonaje hii? Nyote mlinijibu vizuri, kwa adabu mliyofundishwa. Babu, wewe ndiye ujuaye. Mmoja alitaka kusema neno, nikamwona midomo inacheza, kisha akainamisha kichwa akatabasamu.

Mmekwisha kuona kwamba bibi yenu siku hizi anaonja chai yangu kabla ya kunipa, tangu siku nilipokunywa maziwa yaliyoharibika nikamwomba aniongeze. Mmeona, mkanisitiri.

Sikuwa nawajaribu. Kaishusheni ile ndoo msumarini, itieni maji, iacheni ilale nayo. Kesho asubuhi njooni nayo hapa, mninusie.